James Dewar, Mtu wa Chupa ya Termosi



Katika chumba cha walimu kulikuwa termosi moja nyekundu yenye maua. Kila asubuhi mpishi aliijaza chai kabla ya kengele ya kwanza, na saa ya rekreasyo walimu walikunywa chai ile ingali ya moto. Muhula uliopita ilianguka toka mezani. Kwa nje haikuwa na neno, hata ua moja halikukwaruzwa, lakini ulipoitikisa ililia kama mfuko wa misumari. Sisi wa kamati ya gazeti tuliomba tupewe ile maiti kabla haijatupwa shimoni. Profesa wa fizike akaifungua kwa chini, akamwaga vipande juu ya gazeti kuukuu, na hapo tukaona kitu ambacho hatukukijua hata siku moja, ingawa wote tumekunywa chai ya termosi tangu utoto. Kumbe ndani hamna chupa moja, mna mbili, moja ndani ya nyingine, zimeshikana shingoni tu. Na upande wa ndani zimepakwa kitu kama kioo cha kujitazamia. Na kule chini kabisa kuna ncha ndogo ya kioo, kama chuchu, iliyofungwa kwa moto.

Tukauliza: nani aliwaza kitu cha namna hii? Wengi katika darasa letu walijibu kwamba ni Wajerumani, wengine kwamba ni kampuni ya Amerika. Si uongo mtupu, tutaona. Lakini mtu mwenyewe alikuwa Mskoti, jina lake James Dewar, na siku ile alipoitengeneza hakuwa anafikiri chai hata kidogo. Ndio maana tumeona vema kuwaeleza maisha yake katika nambari hii.

Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1842 katika mji mdogo wa Kincardine, kando ya mto Forth, kule Uskoti. Baba yake alikuwa mwenye nyumba ya wageni, tena aliuza mvinyo. James alikuwa kitinda mimba kati ya watoto wanaume.

Alipokuwa na miaka kama kumi hivi, jambo baya lilimpata. Kule kwao, wakati wa baridi, maji ya ziwa yanaganda upande wa juu yakawa magumu, na watoto wanapita juu yake wakicheza. Barafu ile ilipasuka, James akaingia majini. Walimtoa, lakini homa kali ya viungo ilimshika, miguu na mikono ikakosa nguvu. Muda mrefu hakuweza kukimbia na wenzake wala kwenda shule kama wao. Alipenda kupiga filimbi, hata hiyo ikamshinda. Mtu anaweza kufikiri kwamba mtoto huyu ndio amekwisha.

Basi akawa anakwenda kukaa kwa seremala wa mji, na seremala yule akamfundisha kutengeneza zeze za Kizungu, zile zinazoitwa violoni. Kazi ile ni ya kukata ubao mwembamba kama karatasi, kuupinda kwa mvuke, kuunganisha bila pengo. Vidole vya mtoto vikapata nguvu tena, na zaidi ya nguvu vikapata akili. Violoni moja aliyoitengeneza mwaka 1854, akiwa na miaka kumi na miwili tu, ilikuwa ingali nzima mwaka 1921, na watu waliipiga kwenye karamu yake ya miaka hamsini ya ndoa. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba ustadi wake wote wa laboratwari ulitoka kwa seremala yule. Tunaandika jambo hili kwa makusudi, maana hapa shuleni tunao wenzetu ambao wakipewa randa au sindano wanaona kama wametukanwa.

Alipofika miaka kumi na mitano baba na mama walikuwa wamekwisha kufa. Akasoma shule ya Dollar, halafu Universite ya Edinburgh, na huko profesa Lyon Playfair akamfanya msaidizi wake. Mwaka 1867 alikwenda muda mfupi Gand, kule Ubelgiji, kufanya kazi kwa Kekulé, bwana mkubwa wa shimi. Mwaka 1871 alimwoa Helen Banks. Hawakupata mtoto. Mwaka 1875 Cambridge wakamwita awe profesa, na mwaka 1877 nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution, katika barabara ya Albemarle mjini London, ikamwita vilevile. Akashika kazi zote mbili mpaka kufa, lakini moyo wake ulikuwa London. Alikaa mumo humo katika nyumba ile, yeye na mke wake, laboratwari ikiwa chini yao. Ndimo alimofanya kazi Faraday kabla yake, yule ambaye tunamsoma katika somo la umeme.

Sasa tufike kwenye habari yenyewe, habari ya baridi.

Wakati ule wenye elimu walikuwa na shindano kubwa. Walijua kwamba mvuke wa maji ukipoa unageuka maji. Lakini je, hewa tunayovuta nayo inaweza kugeuka maji? Wengi walijaribu wakashindwa, hata wakasema kwamba oksijeni, azoti na hidrojeni ni hewa za daima, hazigeuki. Mwaka 1877 Mfaransa Cailletet na Pictet kule Uswisi, kila mtu kwa njia yake, walipata ukungu kidogo wa oksijeni, ukaonekana ukapotea. Mwaka 1883 wataalamu wawili wa Kraków, Wróblewski na Olszewski, walipata oksijeni iliyotulia kama maji katika bomba la kioo. Dewar akaingia mbioni. Akajenga mashine kubwa, na kabla ya mwaka 1892 alikuwa anapata oksijeni ya majimaji, si matone tena. Inapendeza kuona, ina rangi ya samawati kidogo.

Lakini kuipata ni kitu kimoja, kuiweka ni kingine. Oksijeni ya namna hii inachemka kwenye digri 183 chini ya zero. Fikirini vizuri. Chai inayochemka ina digri 100, au pungufu kidogo kwetu milimani, na chumba chetu kina digri 20. Tofauti ni kama 80, na chai inapoa haraka vile tunavyojua. Oksijeni ya Dewar ilikuwa na tofauti ya digri 200 na zaidi na chumba kile kile. Kwake, meza ya laboratwari ilikuwa kama jiko la makala mekundu. Unaimimina katika vere, inachemka mara moja, inakwisha mbele ya macho yako. Tena vere lenyewe linavaa barafu nyeupe kwa nje, hata huoni kilichomo ndani. Kazi ya siku nzima inapotea hewani, na profesa amesimama anatazama.

Ndipo akakumbuka jambo la zamani. Mwaka 1872, akiwa kijana Uskoti, alipokuwa anapima joto la metali iitwayo paladi, alitumia chombo chenye kuta mbili, na kati ya kuta alikuwa ameondoa hewa. Miaka ishirini chombo kile kililala katika kichwa chake. Mwaka 1892 akakirudisha: chupa ya kioo ndani ya chupa ya kioo, zimeunganishwa shingoni tu, na hewa ya katikati imevutwa yote kwa pompi kupitia bomba jembamba, halafu bomba likafungwa kwa moto. Ile chuchu tuliyoiona chini ya termosi ya walimu ni alama ya bomba hilo. Tungependa kuwachorea picha, lakini stensili yetu ya mwezi huu ilipasuka tulipojaribu mara ya pili, kwa hiyo mtatuvumilia, tutaeleza kwa maneno.

Joto linasafiri kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya kupokezana: ukiacha kijiko cha chuma katika sufuria ya uji, mkono wako utajua. Joto linapita toka chembe moja mpaka jirani yake. Ya pili ni ya kubebwa: hewa au maji yakipata moto yanapanda, ya baridi yanashuka mahali pake, na joto linazungushwa hivyo, ndio maana moshi wa mbabula unakwenda juu. Ya tatu ni ya miali: jua liko mbali sana na kati yetu na lenyewe hakuna kitu, walakini joto lake linatufikia. Basi tazameni ujanja wa chupa hii. Kati ya kuta mbili hakuna hewa, au kumebaki kidogo sana: hakuna wa kupokea, hakuna wa kubeba. Njia mbili zimefungwa. Inabaki ya miali, na hiyo Dewar aliifunga kwa kupaka fedha kwenye zile nyuso mbili zinazotazamana, maana kitu kinachong'aa kinarudisha miali kule ilikotoka. Kwa hiyo joto lina mlango mmoja tu, shingo, mahali kioo na kizibo vinapogusana na nje. Kwa mlango huo huo chai yenu inapoa, polepole, hata kesho yake asubuhi mnaikuta vuguvugu.

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili aliuliza swali ambalo lilichekesha watu: termosi inajuaje kwamba leo imewekewa chai na kesho maji ya friji, ili ya kwanza iiweke ya moto na ya pili iyaweke ya baridi? Tusimcheke. Jibu ni kwamba haijui neno. Inazuia njia tu, kutoka na kuingia ni mamoja. Dewar alitaka joto lisiingie, mama wa sokoni anataka lisitoke, na chupa ni ile ile.

Siku za Ijumaa jioni Dewar alikuwa akionyesha mambo haya mbele ya watu, mabwana na mabibi waliovaa vizuri, na ukumbi ulijaa. Iko picha kubwa iliyochorwa mwaka 1904, inamwonyesha amesimama nyuma ya meza yake akieleza habari za hidrojeni ya majimaji, na wakubwa wa Uingereza wameketi mbele yake kama wanafunzi. Watu walipenda sana kumwona. Majimaji ya baridi hivyo yanafanya maajabu kweli: mpira wa kuchezea unakuwa mgumu ukapasuka kama yai, ua linavunjika mkononi kama unga.

Na chupa? Chupa ilikwenda njia yake. Dewar hakuiandikisha kwa serikali kama mali yake. Alieleza mbele ya wote namna inavyotengenezwa, na wenye elimu wa nchi zote wakaichukua. Kule Berlin alikuwako fundi wa kioo, Reinhold Burger, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vya laboratwari. Yeye aliona kitu ambacho profesa hakukitafuta: kwamba chombo hiki kinafaa kwa kahawa. Akakivika ganda la chuma kisivunjike upesi, akakitia kizibo na kifuniko cha kunywea, akaandikisha haki yake mwaka 1903, na mwaka uliofuata kampuni ikaanza. Jina Thermos lilitoka katika neno la Kiyunani la kusema moto. Mwaka 1907 haki ya jina iliuzwa kwa kampuni za Uingereza, Amerika na Kanada, na baada ya muda si mrefu wasafiri, wavuvi na mama wenye watoto wadogo walikuwa na termosi. Faida ya biashara ile haikumfikia Dewar.

Wengine wakisikia hivi wanasema kwamba alikuwa mtu mwema asiyependa mali, au mtu mjinga wa mambo ya biashara. Sisi hatukubali, maana iko habari nyingine. Mwaka 1889 yeye na mwenzake Frederick Abel waliandikisha baruti mpya isiyotoa moshi, jina lake koditi, kwa ajili ya jeshi la Uingereza. Alfred Nobel, yule yule wa zawadi, akaona kwamba wamefuata baruti yake, kesi ikaenda mpaka mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1895 upande wa Nobel ukashindwa. Kwa hiyo Dewar alijua vizuri sana maana ya kuandikisha kitu. Baruti aliiandikisha. Chupa hapana.

Turudi kwenye baridi, maana shindano lilikuwa halijaisha. Ilibaki hidrojeni. Tarehe 10 Mei 1898 Dewar akaipata ya majimaji, sentimita kibiki 20 tu, ndio kusema vijiko vinne vya chai. Inachemka kwenye digri 253 chini ya zero. Mwaka uliofuata akaigandisha ikawa ngumu. Bila chupa yake kazi hii isingewezekana, kwa sababu hidrojeni ya namna ile ikiwekwa katika chombo cha kawaida, hata hewa ya chumba inaganda juu yake. Hapo Dewar alikuwa mbele ya dunia nzima. Ilibaki hewa moja tu, heli.

Na hapa tunafika kwenye upande mgumu wa mtu huyu, ambao hatutaki kuuficha. Dewar alikuwa mkali. Aligombana na watu wengi, na ugomvi wake hakuusahau. Mjini London humo humo, mwendo mfupi kwa miguu toka nyumbani kwake, alikuwako William Ramsay, mtu wa kwanza kupata heli hapa duniani, mwaka 1895. Ramsay alikuwa nayo heli na alijua kuisafisha. Dewar alikuwa na mashine za baridi na chupa bora kuliko za mtu ye yote. Mtoto anaona kwamba wawili hawa walipaswa kuketi pamoja. Lakini Ramsay alikuwa amesema hadharani kwamba Olszewski alitangulia kupata hidrojeni ya majimaji, halafu ikambidi arudi kusoma mbele ya watu barua ya Olszewski mwenyewe, kwamba sivyo. Dewar hakumsamehe. Hawakufanya kazi pamoja.

Basi Dewar akatafuta heli yake katika hewa inayotoka na maji ya moto ya chemchemi za mji wa Bath. Hewa ile ilikuwa imechanganyika na neoni. Neoni ikipata baridi kali inaganda kabla ya heli, na ilipoganda ikaziba mabomba yake. Mara nyingi alijaribu, mara nyingi mabomba yakaziba. Wakati huo huo kule Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alikuwa anaandaa kazi pole pole, na mafundi wengi, na shule ya kufundisha vijana kupuliza kioo. Heli yake aliitoa katika mchanga uliotoka Amerika. Tarehe 10 Julai 1908 akaipata heli ya majimaji, digri 269 chini ya zero. Vyombo alivyoiwekea vilikuwa chupa za Dewar.

Ramsay alipata zawadi ya Nobel mwaka 1904, Onnes mwaka 1913. Dewar jina lake lilipelekwa mara kadhaa, hakupata. Alipewa heshima nyingine, mwaka 1904 mfalme alimfanya Sir, na medali alikuwa nazo nyingi. Lakini lile alilolitaka lilimpita karibu kabisa na mlango.

Iko hesabu nyingine ambayo vitabu vingi vinaipita haraka. Mashine zile zilifanya kazi kwa nguvu kubwa sana ya hewa iliyobanwa, na mara nyingine kitu kilipasuka. Dewar alikuwa na wasaidizi wawili waliomtumikia miaka mingi, Robert Lennox na J. W. Heath. Kila mmoja wao alipoteza jicho moja katika kazi ile. Tulipokuwa tunaandaa ukurasa huu tulibishana sana katika kamati kama tuliandike jambo hili au tuliache, wengine wakisema kwamba linaharibu sifa ya mtu mkubwa. Tumeliandika. Watu wanaotaja chupa ya Dewar hawawataji Lennox na Heath, na macho yao ni sehemu ya bei yake. Wale ambao wanakataa kuvaa miwani ya kujikinga katika laboratwari yetu kwa kuwa eti haipendezi, wasome mara mbili.

Tusisahau jambo la makala, maana linagusa jikoni kwetu. Hewa kidogo inayobaki kati ya kuta za chupa ilimsumbua Dewar, kwa kuwa pompi haziwezi kuimaliza yote. Akagundua kwamba makala ya vifuu vya nazi, yakiwekwa kwenye baridi kali, yanameza hewa kwa wingi wa kushangaza. Ukiweka makala kidogo kati ya kuta mbili, na chupa ikapata baridi, makala yanakula hewa iliyobaki, na utupu unakuwa bora kuliko pompi inavyoweza. Kwa njia hiyo aliweza kutengeneza hata chupa za metali badala ya kioo. Makala yale yale ambayo mama ananunua kwa gunia ili apike maharagi!

Mambo machache kwa wanaotumia termosi nyumbani. Kabla ya kutia chai, mimina kwanza maji ya moto, funga, ngoja kidogo, umwage, halafu utie chai. Usipofanya hivyo, chai yenyewe inatumia joto lake kupasha ile chupa ya ndani. Ijaze vizuri, maana termosi yenye chai nusu inapoa mbele ya ile iliyojaa: joto la chai kidogo ni kidogo, na mlango wa shingo ni ule ule. Usitie barafu kubwa wala kijiko cha chuma katika termosi ya kioo. Na ikilia ndani, usijaribu kuchuja chai yake kwa kitambaa, itupe, kioo tumboni si mchezo. Nyumba ambayo haina termosi isione haya kufunga birika katika blanketi: blanketi nalo linafungia hewa isitembee. Haishindi termosi, lakini inasaidia sana, bibi zetu walijua.

Na chupa ya Dewar ilifika kwetu Kongo kwa njia ambayo yeye hakuiwaza. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, chanjo iliyokuwako ilitaka iwekwe kwenye digri 60 chini ya zero au chini zaidi. Katika njia za Beni na Butembo, mahali ambapo umeme haupo au unakuja unakwenda, friji ya namna hiyo utaichomeka wapi? Walitumia vyombo vikubwa vyenye kuta mbili na utupu katikati, ndugu wa termosi, vinavyoweza kushika baridi hiyo siku kadhaa bila umeme. Watu zaidi ya 300.000 walichanjwa kabla ugonjwa haujatangazwa kwamba umekwisha, tarehe 25 Juni 2020. Wanaotunza mbegu za ng'ombe bora wanatumia chombo cha namna hiyo hiyo, ndani wametia azoti ya majimaji, digri 196 chini ya zero. Wataalamu wanakiita kwa jina la mwenyewe, dewar. Sokoni hakuna anayelijua jina hilo.

Mwaka 1914 vita vilianza, wafanyakazi wakapungua, na mashine za baridi zikanyamaza. Dewar alikuwa amepita miaka sabini. Mzee huyu mkali akageukia mapovu ya sabuni. Kweli kabisa, mapovu, yale ambayo watoto wanapuliza. Aliyafungia ndani ya vyombo safi visivyo na vumbi, akapima ngozi yake ilivyo nyembamba, akayafanya yadumu miezi. Tena alipanda juu ya paa la nyumba usiku, na chombo alichokitengeneza yeye mwenyewe, akapima joto linalotoka mbinguni. Alifundisha na kufanya majaribio mpaka mwisho, hakuna aliyeweza kumwambia apumzike.

Alikufa London tarehe 27 Machi 1923, akiwa na miaka 80.

Termosi mpya ya chumba cha walimu ni ya chuma kitupu, kuta mbili na utupu vilevile, haina kioo. Ile ya zamani iko katika kabati la laboratwari, rafu ya chini. Anayetaka kuiona ile chuchu ya kioo amwombe profesa wa fizike, lakini asiishike kwa mkono mtupu, inakata.